Utando unaoamua uhai wa seramiki za joto kali

Nyumba ya mama yangu mdogo iko Raskazone, karibu kabisa na bahari, na kila ninapomtembelea hutazama vitu viwili uani kwake. Kimoja ni bati la banda la kuku, ambalo upepo wa chumvi umelitoboa toboa. Cha pili ni sufuria ya alumini iliyoinamishwa juu ya chanja, ambayo upepo huohuo umeshindwa kuitoboa kwa miaka mingi. Alumini hushikwa na oksijeni upesi kuliko chuma, lakini oksidi yake hung'ang'ania kama ngozi nyembamba isiyo na matundu na kuiziba njia hewa, ilhali kutu humeguka na kuacha chuma kingine wazi, nacho kikaliwa vilevile. Mfano huu niliutumia kuwafundishia wanafunzi wangu wa kemia hapa Tanga, kisha ukanipeleka kwenye seramiki zinazokusudiwa kwa pua na kingo za mabawa ya vyombo viendavyo zaidi ya mara tano ya mwendo wa sauti.

Wanaozisifu seramiki hizi huanza na kiwango cha kuyeyuka: diboridi ya zirikoniamu (metali hiyo ikiwa imeungana na boroni) nyuzi 3245 hivi za Selsiasi, diboridi ya hafniamu karibu 3380, kabidi ya hafniamu (metali hiyo ikiwa imeungana na kaboni) zaidi ya 3900. Naona tarakimu hizo zinapotosha, kwa sababu penye hewa seramiki huliwa na oksijeni mapema mno kabla ya kukaribia kuyeyuka. Linalostahili kuulizwa kwanza ni ngozi ya namna gani inayoota juu yake.

Diboridi ya zirikoniamu inapoungua hutoa oksidi mbili. Zirikonia, yaani oksidi ya zirikoniamu, ni yabisi, na haiyeyuki mpaka nyuzi 2700 hivi. Oksidi ya boroni huyeyuka kwenye nyuzi 450 tu, ikawa kioo kizito cha majimaji kinachojaza matundu ya zirikonia na kuichelewesha oksijeni. Ulinzi huo hudumu hadi nyuzi 1100 hivi. Zaidi ya hapo kioo hugeuka mvuke kwa kasi, na kinachobaki ni zirikonia tupu yenye vitundu kama jiwe la matumbawe. Chombo kinapopoa huja balaa jingine: chini ya nyuzi 1170 fuwele za zirikonia hubadili mpangilio, zikatanuka kwa asilimia 4 au 5, na tabaka zima likapasuka. Oksidi ya hafniamu hubadilika hivyo karibu na nyuzi 1700, na hiyo ni faida yake kubwa, ingawa diboridi yake ina uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa zirikoniamu. (Hafniamu yenyewe hupatikana kwa uchache ndani ya zirikoni, madini yaliyomo pia katika mchanga mzito wa pwani yetu kuelekea Pangani, na kuitenga ni kazi ya gharama.)

Dawa iliyozoeleka ni kuchanganya kabidi ya silikoni, mara nyingi asilimia 20 ya ujazo. Silika, yaani oksidi ya silikoni, inayotokana nayo huungana na oksidi ya boroni, likapatikana tabaka la kioo kisichovukizwa upesi, nalo hulinda hadi nyuzi 1600 hivi. Hata hivyo, kasoro yake imejificha. Chini ya kioo, mahali ambapo oksijeni ni haba, kabidi ya silikoni haitoi silika bali gesi ya monoksidi ya silikoni, ambayo hupenya na kuondoka. Basi uso unang'aa vizuri huku chini yake pamebaki tabaka lenye mashimo. Isitoshe, katika upepo wa kasi ile kioo kilicholainika huweza kusukumwa kikaondoka.

Ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na wale wanaoishughulikia zirikonia yenyewe. Wakitia metali ya tungsteni, oksidi yake huyeyuka kwenye nyuzi 1470 hivi na kuzisaidia chembe za zirikonia kushikamana, tabaka likapungua matundu. Metali ya tantalamu nayo husaidia karibu na nyuzi 1600, lakini zikikaribia 1900 hudhuru, kwa kuwa oksidi zake huyeyuka na kuufungulia mlango ule ulioziba.

Jambo moja katika upimaji hunisumbua sana. Sampuli hupata uzito kwa oksijeni inayoingia na kuupoteza kwa boroni inayotoka ikiwa mvuke, kwa hiyo mizani inaweza kuonyesha badiliko dogo hali uharibifu ni mkubwa. Ninaposoma majaribio yenye grafu ya uzito peke yake siwezi kuamua kitu. Nataka sampuli ikatwe, isuguliwe, kisha unene wa kila tabaka upimwe kwa hadubini, hasa lile lililonyang'anywa silikoni.