Mti wa namba: leo nimefika juu kabisa, tarakimu ya 25

Wakuu wa Moshi na kwingineko, mti umeisha na kileleni kimebaki kitu kimoja tu: 3608528850368400786036725.

Kwa waliochelewa, kwenye mti huu kila tawi ni namba, na watoto wake ni namba zinazotokea ukiongeza tarakimu moja mwishoni bila kuvunja sheria. Sheria ni hii: tarakimu mbili za mwanzo zigawanyike kwa 2, tatu za mwanzo kwa 3, nne kwa 4, hivyo hivyo bila baki mpaka mwisho wa namba. Jaribu mwenyewe, 36, 360, 3608, 36085, 360852, halafu ile ya saba ndo tamu zaidi maana 7 huwa inasumbua, 3608528 gawa kwa 7 unapata 515504 kamili. Inaenda hivyo mpaka 25 na hakuna namba kubwa kuliko hii yenye tabia hiyo, si kwamba haijapatikana bado, haipo.

Hadi tarakimu nne nilichora kwa mkono kwenye manila za steshenari, ya tarakimu nne peke yake ni matawi 375. Tarakimu ya tano inaleta 750 na ukuta wa sebuleni hautoshi, kwa hiyo nikahamia kwenye kompyuta, ila sio Ekseli jamani, ile inashika tarakimu 15 tu zinazobaki inazifanya sifuri, Python, lugha ya kuandikia programu, ndo haina shida hata namba iwe ndefu vipi.

Sasa umbo la mti ndo limenifurahisha kuliko hata namba yenyewe. Kila ukiongeza tarakimu una chaguo kumi, 0 mpaka 9. Unapogawa kwa 4 kila tawi linapata watoto wawili au watatu, lakini kwa 10 kila moja linapata mtoto mmoja tu, wa tarakimu sifuri, basi, ndo maana tarakimu 9 na tarakimu 10 zina matawi sawasawa, 2492 na 2492. Kwenye 11 ndo vifo vinaanza, maana vigawe vya 11 vimeachana kwa 11 na wewe una nafasi kumi, wengine lazima wakose, yanabaki 2225. Ukifika tarakimu 20 yako 44, tarakimu 24 matatu, tarakimu 25 moja.

Na hilo moja kwa nini lisiendelee? Weka sifuri mwishoni ugawe kwa 26, inabaki 12. Ili iishe unatakiwa uongeze 14, na tarakimu kubwa kuliko zote ni 9. Basi, mti mzima unaishia hapo, jumla yake namba 20456, na hesabu hii hata mtoto wa darasa la sita anaiweza kwa kalamu, aisee napenda sana hilo.

Njiani nimeipita pia 381654729, inatumia 1 mpaka 9 kila moja mara moja na ni yenyewe peke yake ya hivyo, nimeizungushia wino mwekundu.

Kilichobaki ni kuchora upande wa juu kuanzia yale matawi 44, hayo manila moja inatosha.