Nilivyoipima dari ya boriti kabla ya tenki kupanda juu

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani, Lamu: sakafu ya juu itabeba tenki la maji la lita 1,000 au haitabeba? Naiweka hesabu yote hapa kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu anachofundishwa mwanafunzi wa uhandisi ujenzi anapoanza uchanganuzi wa miundo. Tena boriti ya Lamu inaishinda ya kitabuni kwa jambo moja: hii unaweza kuigonga kwa nyundo ukaisikiliza.

Kabla ya fomula yoyote nilichora nani anambeba nani. Maji yanabebwa na tenki, tenki na sakafu ya chokaa na kokoto, sakafu na vibao vya matumbawe, vibao na boriti za mkoko, boriti na kuta mbili ndefu za chumba. Boriti hukatiza upande mfupi, kwa hiyo kuta mbili fupi hazibebi dari, zinajibeba zenyewe tu. Mwanafunzi asiyechora hili huigawia mizigo kuta zote nne, na kuanzia hapo kila namba yake imepotoka hata kama hesabu haina kosa.

Vipimo nilivyochukua: upana wa chumba ndani, mita 2.6. Boriti zimeingia ukutani kiasi cha sentimita 25 kila upande. Kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine, sentimita 30. Kipenyo kilicheza kati ya milimita 115 na 128, nikachukua 120. (Pima ncha zote mbili na katikati, maana mti una shina na una ncha, na kipimo cha upande mmoja hudanganya.) Unene wa dari na sakafu pamoja, milimita 200, tulioupata kwenye tundu la bomba la zamani bila kutoboa pengine.

Urefu wa kukokotolea niliufanya mita 2.7, kwa kuwa boriti haiegemei pale pale kwenye uso wa ukuta bali ndani kidogo.

Mizigo. Mchanganyiko wa matumbawe na chokaa niliuhesabia kilonyutoni 18 (kN; moja ni kama uzito wa kilo 100) kwa mita ya ujazo, hivyo mita 0.2 zinatoa 3.6 kN/m². Watu na vyombo, 1.5 kN/m². Jumla 5.1 kN/m². Hapa ndipo wengi huanguka: 5.1 ni ya mita ya mraba, na boriti haiujui mraba. Boriti moja inamiliki ukanda wa sentimita 30, yaani 15 kila ubavu. Basi 5.1 × 0.3 = 1.53 kN/m. Ongeza uzito wa boriti yenyewe, kama 0.11. Tuna 1.64 kN kwa kila mita ya urefu.

Mzigo huu wa kila mita tuuite w, na urefu wa kukokotolea L. Egemeo moja, yaani mahali boriti inapokalia ukuta, linapokea wL/2 = 1.64 × 2.7 / 2 = 2.21 kN. Momenti kubwa (msukumo wa kuipinda boriti), katikati, ni wL²/8 = 1.49 kNm. Z ni kipimo cha jinsi umbo la mti linavyokataa kupindwa; kwa duara la kipenyo d, Z = πd³/32, na kipenyo cha 120 kinatoa mm³ 169,600. Mkazo, yaani nguvu kwa kila milimita ya mraba ya mti, ni momenti kugawanywa kwa Z: 8.8 N/mm². Kwa mti mkongwe ambao hakuna aliyeupima maabara nilijiwekea ukomo wa 12. Dari ilivyo, bila tenki, inapita.

Sasa niseme juu ya maegemeo, kwani hapa ndipo nilipobishana sana na kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia kupima. Hoja yake ilikuwa kwamba boriti imezikwa ukutani pande zote mbili, basi imebanwa, yaani ncha zake haziwezi kugeuka, na boriti iliyobanwa ina momenti ya wL²/24 tu katikati. Hiyo ni 0.5 badala ya 1.49. Theluthi moja! Ukiikubali, tenki linapanda juu bila wasiwasi.

Lakini boriti iliyobanwa inadai kitu ukutani: momenti ya wL²/12, takriban 1.0 kNm, kwenye kila mwisho. Ndani ya ukuta momenti hiyo hushikwa na jozi ya nguvu, moja inasukuma chini karibu na uso wa ukuta, nyingine inasukuma juu kwenye ncha ya ndani. Nafasi kati ya hizo mbili haizidi mita 0.15 hivi. Gawanya: 1.0 / 0.15 = 6.7 kN, ikiusukuma juu ukuta ulio juu ya ncha ya boriti. Na kilichoko juu yake pale ni nini? Ni ukingo wa paa tu. Unene wa mita 0.45, kimo mita 0.9, na kipande cha sentimita 30 kinachoihusu boriti moja: 0.45 × 0.9 × 0.3 × 18 = 2.2 kN. Mwenye 2.2 hawezi kumkandamiza mwenye 6.7, ncha itainuka kidogo, chokaa itapasuka, na boriti itarudi kuwa boriti iliyoegemea tu. Kwenye ghorofa ya chini, ambako ukuta wa ghorofa nzima umelala juu ya ncha, kuna kubanwa kiasi, lakini hata huko sikuihesabu. Kuzikwa si kubanwa.

Mbonyeo, yaani boriti inavyoshuka katikati: 5wL⁴/384EI, ambapo E ni ukakamavu wa mti wenyewe na I ni wa umbo lake. I ya duara ni πd⁴/64, hapa mm⁴ milioni 10.18. E niliichukua 10,000 N/mm² kwa tahadhari. Jibu ni milimita 11, yaani urefu kugawanywa kwa 245, na ukomo wa kawaida wa urefu kugawanywa kwa 360 ungetaka isizidi 7.5. Nguvu inatosha, ukakamavu hautoshi. Ajabu hiyo ni ya kawaida kwa miti mirefu myembamba. Angalia pia kile kipeo cha nne (L⁴, na d⁴ ndani ya I): boriti ya milimita 100 ingebonyea karibu 23, zaidi ya maradufu, kwa kupungukiwa sentimita mbili tu. Na urefu wa kukokotolea ungekuwa mita 3.6, momenti ingezidi mara 1.8 lakini mbonyeo mara 3.2. Ukitaka kujua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, anza na urefu wa mkoko, kisha uje kwenye kipeo hicho.

Nilivuta uzi chini ya dari kutoka ukuta hadi ukuta na kupima: milimita 17. Kijana akasema hesabu imekosea. Haikukosea, alilinganisha visivyolingana. Chumba kilikuwa kitupu, kwa hiyo mzigo uliokuwapo ni wa kudumu peke yake, 1.19 kN/m, unaotoa milimita 8. Hiyo ni mbonyeo ya papo hapo. Mti uliobeba mzigo huo huo miaka na miaka, penye hewa ya bahari, huzidi kulegea, na kuongezeka maradufu si jambo la kushangaza.

Kisha tenki. Maji ya lita 1,000 ni karibu 9.8 kN, na tenki lenyewe kidogo, nikaweka 9.9. Kitako chake kinashika boriti tatu, kila moja 3.3 kN. Likikaa katikati ya chumba, mzigo huo P unatoa momenti ya PL/4 = 2.23 kNm, ongeza 1.49 ya mwanzo, tumefika 3.72, mkazo 21.9. Haiendi.

Mwenye nyumba akauliza, je, tukilisogeza pembeni, nusu mita kutoka ukutani? Swali zuri, na mtihani mzuri. Egemeo la karibu: 2.21 + 3.3 × 2.2 / 2.7 = 4.90 kN. Ukitembea kutoka hapo, nguvu mkato (egemeo ukitoa mizigo yote uliyokwisha kuipita) inapungua 0.82 hadi kufika chini ya tenki, kisha inaanguka kwa 3.3 mara moja na kubaki 0.78. Bado ni chanya! Kwa hiyo momenti kubwa haiko chini ya tenki, wala haiko katikati. Iko pale nguvu mkato inapogusa sifuri, 0.78 / 1.64 = mita 0.48 mbele zaidi, karibu mita 0.98 kutoka egemeo. Momenti hapo ni 2.43 kNm na mkazo 14.3. Wengi hukokotoa chini ya tenki, wanapata 2.25, wanaridhika. Nilihakikisha kwa kuhesabu kutoka upande wa pili: 2.825² / (2 × 1.64) = 2.43 ile ile. Bado imepita 12.

Kubomoa dari na kumwaga zege hakukuwa na nafasi. Mji wa Kale uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na hayo si mambo ya kuamua mtu na fundi wake. Tukaamua tenki lisiiguse dari kabisa. Mihimili miwili ya mbao ngumu, milimita 100 kwa 200 ikisimama kwa upande mrefu, ikaruka kutoka ukuta mrefu hadi ukuta mrefu. Kila mmoja 4.95 kN katikati, momenti 3.34, Z 666,700, mkazo 5.0, mbonyeo wa tenki, kwa E ya 9,000, milimita 3.4. Chini ya kila ncha jiwe gumu la milimita 300 kwa 200, ili ukuta wa matumbawe usibonyezwe mahali pamoja. Kati ya mhimili na sakafu tuliacha milimita 50 wazi, na nafasi hiyo isije ikajazwa chokaa na mtu anayependa unadhifu.

Kabla ya kufunga kazi fundi mzee alipita na bisibisi, akichoma ncha za boriti moja moja. Kwenye ya saba akaniita: “Mwanangu, hebu gonga hapa.” Ilitoa sauti ya debe. Uozo ulikuwa umekula milimita 15 kuzunguka. Ungekuwa katikati, kipenyo kingebaki 90 na mkazo ungeruka hadi 21. Mwishoni momenti ni sifuri, mkazo wa mkato unabaki 0.46 N/mm² tu, kwa hiyo mti haukuwa karibu kuvunjika. Kilichoharibika ni egemeo: ncha laini inasagika, boriti inashuka, na jirani zake mbili zinapokea mzigo wake. Maji yalitoka kwenye mfereji wa paa uliopasuka juu yake. Tuliziba mfereji kwanza, tukaweka boriti mpya ubavuni mwa ile ya zamani, ndipo tenki likapandishwa.