Nafasi Kati ya Miraba

Binti yangu amemaliza kushona miraba ya blanketi lake la viraka, sasa anauliza mikanda ya kuitenganisha aikate upana gani. Nilifungua mdomo nimpe kipimo, nikajikuta namwona Mama Mdogo amepiga magoti sakafuni.

Miraba ilikuwa 20, mingine kashona yeye, mingine kashona mama, yote kutokana na nguo za bibi. Jioni ile tuliipanga minne kwa mitano. Ilipobanana, maua ya mmoja yalimezwa na mistari ya jirani yake, macho yakakosa pa kutua. Mama Mdogo akatandika kitambaa cha kijivu kilichokoza chini yake, akaanza kuiachanisha kwa kiganja, taratibu: inchi moja, moja na nusu. Akisogeza, anainuka, anarudi nyuma hadi mlangoni, anafinya macho. Kwenye inchi tatu, kijivu kikatawala. Akarudisha mpaka mbili. Hapo nikaliona gauni la bibi la samawati, ambalo muda wote lilikuwa mbele yangu.

"Dada, hapa," akasema.

Mama akashika penseli. Miraba ya inchi 12 ikishaungwa, na mikanda ya inchi 2, upana unakuwa 54, urefu 68. Mkanda ukatwe inchi 2½, kwa sababu kila upande mshono unakula robo inchi. Mama alitaka mikanda ya mlalo iwe mirefu, ipite toka ukingo hadi ukingo, kazi ipungue. Mama Mdogo akakataa. Alitaka mifupi mitupu, 31, na vimraba vyekundu 12 kwenye makutano. Mshono wa kimraba ndio unaokuonyesha pa kuoanisha safu na safu. Mkanda mrefu huvutika, miraba ya chini ikahama, isitazamane na ya juu. Nilikuwa upande wake, na bado niko upande wake.

Vimraba vilishonwa. Rangi ndiyo hawajakubaliana mpaka leo. Mama husema mikanda myeupe ingelichangamsha blanketi. Mama Mdogo husema nyeupe ingezishinda zile nguo, zilizokwisha kupauka kwa kufuliwa. Nimejaribu mara nyingi kulifikiria na mikanda myeupe, nami siamui. Huenda kitambaa kilichopauka kinahitaji giza kando yake. Au huenda nimekizoea tu kile kijivu.