Kijivumbi kilichoniokoa kwenye picha za sumaku ndogo

Kwa wiki tatu nilikaa na picha 212 nisione nilichotumwa kutafuta. Zilipigwa kwenye maabara moja ya Ulaya, mimi nikizichambua chumbani Nyakato, Mwanza, kwa kompyuta ya mkononi. Zilionyesha visiwa, yaani vipande vidogo vya sumaku vya aloi (mchanganyiko) ya nikeli na chuma, kila kimoja kina urefu wa mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) na upana wa nanomita 300, vimepangwa kwa safu kama mahindi shambani. Kazi yangu ilikuwa kusema kila kisiwa kiligeuza upande wa usumaku wake uga, yaani nguvu ya sumaku inayowekwa kutoka nje, ulipofika kiasi gani.

Picha hizo hutegemea tabia ya mwanga: mwanga uliochujwa ukabaki na mtetemo wa upande mmoja, ukigonga sumaku na kurudi, mtetemo wake huinama kidogo. Mwanafizikia John Kerr aliligundua hilo miaka ya 1870. Lakini ni kidogo kwelikweli: kwa aloi hii mwinamo haufiki nyuzi 0.1. Jicho haliambulii kitu. Dawa yake ni kuchukua picha ya mwanzo, usumaku wa visiwa vyote ukiwa umelazwa upande mmoja, na kuitoa, nukta kwa nukta kama hesabu ya kutoa, kwenye kila picha inayofuata. Kinachobaki ndicho kilichogeuka.

Nilipotoa, nikapata kingo nyeusi na nyeupe kuzunguka kila kisiwa, hata kwenye picha ambazo uga ulikuwa haujaanza kupanda. Sampuli yenye visiwa ilikuwa inasogea, pengine kwa joto la koili inayotoa uga, na kusogea kwa nusu pikseli (nusu nukta ya picha) tu kulitosha kuifunika ile tofauti niliyoitafuta. Nikaandika programu ya kuzisogeza picha zilaliane sawasawa. Ikazidi kuharibu, kwa sababu visiwa vinafanana: programu ilikuwa inaruka safu moja na kujishikiza kwa jirani, nayo ikiona imepatia.

Jioni moja umeme wa kwetu ulikatika, nikatoka nje nikawa natazama mlimani Mabatini. Taa za nyumba zile zilizokaa juu ya mawe zinafanana zote. Ukigeuka kidogo hujui tena uliyokuwa unaitazama ni ipi. Ila taa nyekundu ya mnara wa simu haikupotei. Hapo nikakumbuka kijivumbi kilichokuwa kona ya chini ya kila picha. Nilikuwa nimekifuta kwa makusudi, nikikiona uchafu!

Nikakirudisha, nikailazimisha programu ipime mwendo wa kijivumbi kwanza, visiwa baadaye. Kingo zikatoweka. Kwenye picha ya 61 kisiwa kimoja kikawa cheupe peke yake, kisha viwili vya safu ya pili, kisha vingi kwa pamoja. Nilimwita mdogo wangu aje aone.

Alitazama mpaka mwisho, akauliza, "Kaka, hiki cha pembeni mbona hakigeuki?"

Kweli, kimoja kilibaki cheusi mpaka picha ya 209. Kingo za kisiwa zikiwa na mikwaruzo, uga wa kukigeuza hubadilika, kwa hiyo nimeandika kuomba picha yake ya hadubini ya elektroni.