Tumerudi Ukweni, Nikawekewa Miguu ya Kuku

Wiki moja kabla ya safari, jirani yetu pale Ngamiani, Tanga, alitukuta barazani tunapima mabegi kwa ile mizani ya kuning'iniza. Akauliza, "Mnakwenda China?" Nikamjibu ndiyo, tunakwenda. Mke wangu hata kichwa hakuinua. Akasema, "Tunarudi." Jirani akacheka, akanitazama mimi kama mtu aliyenikamata na uongo.

Neno hilo nililibeba mpaka Addis Ababa, nikapanda nalo ndege ya pili.

Mimi ni mtu wa Tanga. Guangzhou nilikwenda mwaka 2008 kutafuta spea za pikipiki, nikiwa na tiketi ya wiki mbili, nikakaa karibu miaka kumi na miwili. Nilianza kwa kuwazungusha wenzangu sokoni, nikaishia kuwa wakala wa mizigo: chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, mizani, maboksi, selotepu na mlundo wa karatasi za kontena. Huko nilioa binti wa Kikantoni, mwenyeji wa mji ule, na wanangu wawili wamezaliwa huko. Tanga nimezaliwa, Guangzhou nimezaa. Sasa nani wa kunifundisha wapi ninakwenda na wapi ninarudi?

Tuliondoka Guangzhou kuja Tanga 18 Januari 2020. Wafanyabiashara mnajua, mwaka mpya wa Kichina ukikaribia viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanaenda vijijini kwao, hakuna mzigo unaotoka. Ndio wakati wetu wa kwenda kuwaona wazee. Mwaka ule sikukuu iliangukia tarehe 25. Baba mkwe alinuna, na alikuwa na haki, kwa sababu usiku wa mkesha familia nzima hukaa meza moja, nami nilikuwa nambebea binti na wajukuu wiki moja kabla. Nikamwambia asijali, wiki sita tu.

Tarehe 23 mji wa Wuhan ukafungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 28 Machi China ikawafungia mlango wageni, hata sisi wenye vibali vya ukaazi. Aprili zikaanza kuingia video za Waafrika wa Guangzhou waliotolewa vyumbani na hotelini, wamelala nje na mabegi yao. Mmoja nilimtambua kwa koti lake. Sitalirefusha hili, waliolala nje watalisimulia wenyewe. Nalitaja kwa sababu watu wengi wameniuliza, "Yaani unarudi kule kule?" Ni swali la haki, na sina jibu fupi.

Baba mkwe alifariki Desemba 2022, wakati ule vizuizi vimelegezwa na ugonjwa umepita mji mzima kama moto wa nyika. Tulimzika kwa simu, tumekaa sebuleni Tanga, picha inakwama, inaendelea, inakwama tena. Wiki chache baadaye, 8 Januari 2023, karantini ya wasafiri ikaondolewa. Mke wangu hakusema kitu kuhusu tarehe hizo mbili, ila kalenda ile ya 2022 alikataa ishushwe ukutani mpaka mwaka uliofuata ukaisha. Baada ya hapo kilichotuzuia ni kitu cha kawaida tu. Mtaji ulikuwa umeliwa, na nauli ya watu wanne si mchezo.

Basi, Julai hii tumefika. Usiku wa manane, ghorofa ya saba, mama mkwe kafungua mlango. Hakulia. Wajukuu aliwashika nyuso, mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, kisha akanigeukia mimi akasema, "Faan lei laa," akaenda zake kuchemsha maji.

Niwape maana ya hilo neno, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. "Faan" kwa Kikantoni ni kurudi. Lakini wenyewe wanalitumia kwa namna ya ajabu. Mtu akienda kazini asubuhi, anasema "anarudi kazi". Mtoto akienda shule, "anarudi shule", hata kama ni siku yake ya kwanza. Ni kama vile mahali ukishakuwa na nafasi yako, huendi tena pale, unarudi. Na miaka yote niliyokaa nao mama mkwe alikuwa akiniambia "umekuja". Umekuja, keti. Umekuja, vua viatu. Mke wangu alikuwa anarudi, mimi nilikuwa nakuja naye.

Jumapili ikapangwa kwenda kunywa chai. Mkantoni akikwambia twende tukanywe chai, usile kitu tangu usiku. Chai ni kisingizio. Kinacholetwa ni dim sum, vijisahani na vikapu vya mianzi vyenye vitu vya mvuke, vitatu vitatu, vinne vinne, mpaka meza inazibwa. Wazee wanaanza kabla jua halijachomoza vizuri, na familia zinakuja saa nne, saa tano, zinaunganisha na chakula cha mchana.

Marehemu alikuwa na meza yake katika mkahawa mmoja wa zamani kule wilaya ya Liwan. Kila asubuhi gazeti, buli la chai nyeusi ya pu'er, na vikapu viwili. Wenyewe wana msemo wake, kikombe kimoja na vitu viwili. Alinipeleka pale mara ya kwanza kabla hata sijaoa, na niseme ukweli, ilikuwa njaa kubwa iliyozungukwa na chakula. Mimi ni Mwislamu. Siu mai, vile vifurushi vya nyama, ina nguruwe. Ile mikate myeupe ya mvuke ndani yake nguruwe wa kuchoma. Haa gaau, zile za kamba zenye ngozi inayoonyesha ndani kama karatasi ya mafuta, ukiziona unasema hapa nimepona, kumbe wapishi wengi hukatia humo mafuta ya nguruwe ili kamba wasikauke. Hata kile kijikeki cha mayai, ganda lake mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayo hayo. Nikaishia kula mboga na kunywa chai kama mgonjwa. Mama mkwe alihangaika kunielewesha kwamba mafuta si nyama. "Nyama huli, sawa. Haya ni mafuta!" Aliamini hivyo kwa miaka minne hivi. Baba mkwe hakubishana, ila mkahawa hakuhama. Nikawa naenda pale kila Jumapili na tumbo limeshashibishwa nyumbani.

Kwa hiyo Jumapili hii nilikunywa uji kwanza. Tukapanda treni ya chini ya ardhi, nikawa nasubiri kituo cha kushukia kule Liwan. Kufika Ximenkou mama mkwe kasimama, kashika mkono wa mjukuu, kashuka. Nikamtazama mke wangu. Naye hajui. Tukafuata. Wenyeji wa pale wanajua, ukitoka Ximenkou hauko mbali na msikiti wa Huaisheng, ule wenye mnara mnene mweupe ambao mji wote unauita Mnara wa Mwanga, kwa kuwa zamani mto ulipokuwa karibu, vyombo vilikuwa vikiuangalia usiku. Nikadhani tunapita njia. Hatukupita. Tuliingia katika mkahawa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, maandishi ya kijani mlangoni, na Kiarabu chake juu ya mlango, na shemeji yangu na mkewe na wanawe na mashangazi wawili wameshazunguka meza. Watu kumi na mmoja, wanane kati yao wamelelewa kwa nyama ya nguruwe tangu wameota meno, wameketi kwenye meza ya halali Jumapili asubuhi.

Shemeji alikuwa anapekua orodha ya vyakula kwenye simu kama mtu aliyepoteza funguo. "Hakuna mikate ya nyama ya kuchoma," akasema. Mama yake akamwambia apitishe vikombe.

Na hapo ndipo nilipomwona marehemu. Vikombe na mabakuli vinapoletwa, hata viwe safi vipi, Mkantoni atavisuuza mezani kwa chai ya kwanza, anavizungusha kimoja ndani ya kingine, maji anamwaga kwenye bakuli kubwa. Hiyo ilikuwa kazi ya mzee, na alikuwa na mtindo wake wa kuzungusha kikombe kwa vidole viwili bila kukishika mkono. Sasa shemeji ndiye anayesuuza. Vidole vile vile viwili. Meza ilinyamaza kidogo, kisha shangazi mmoja akaanza kuzungumzia bei ya nyumba.

Nikamiminiwa chai, nikagonga meza kwa vidole, ta ta, ambayo ni asante ya hapa. Hadithi yao inasema mfalme Qianlong alikuwa anatembea kajificha kama raia, akammiminia mtumishi wake chai, na mtumishi asingeweza kusujudu bila kumfichua, basi akasujudisha vidole. Mwanangu wa kiume, ambaye ameondoka hapa ana miaka minne na Kikantoni chake kimeyeyuka chote, akadhani ni mchezo. Akagonga kila kilichowekwa mbele yake, hata kijiko.

Binti yangu yeye lugha anayo, lakini aliondoka nayo akiwa na miaka minane na haijakua. Kawa msichana wa miaka kumi na tatu, mrefu kuliko nyanya yake, halafu anaongea kama mtoto wa darasa la pili. Alimwomba mhudumu amwonyeshe choo kwa maneno ambayo mtu mzima hayasemi. Mhudumu alijizuia kucheka, binti akaona, akakaa kimya vikapu vitatu vizima. Nilimwonea huruma, maana Kiswahili cha mama yake kilipita njia hiyo hiyo pale Tanga.

Vikaja vitu. Siu mai za ng'ombe. Haa gaau, na hizi nilikula nne mfululizo, kamba analia chini ya jino, hakuna wa kunitazama. Mikanda ya mchele iliyoviringwa kama leso iliyolowa, juu yake mchuzi wa soya mtamu. Keki ya mvuke ya rangi ya sukari guru wanayoiita keki ya Kimalai, laini, yenye matundu. Mwanangu alionja akatangaza kwa sauti, "Mkate wa sinia!" Si kweli, haina nazi wala haikuona mkaa juu, lakini sikumsahihisha, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza alichokula tangu tufike.

Kisha miguu ya kuku. Kwetu mnajua hadhi yake, ni kitu cha kununua jioni kwenye karai pembeni ya barabara, na pilipili, ukiwa huna hela ya kipande. Hapa ina jina la heshima, kucha za ndege wa kifalme, na inafanyiwa kazi ambayo sijaona paja likifanyiwa: inakaangwa mpaka ngozi inafura, inatiwa maji baridi inyauke na kukunjamana, ndipo inapikwa kwa mvuke na soya nyeusi iliyochachushwa na kitunguu saumu. Ikifika mezani ngozi inaachia mfupa kwa ulimi tu. Marehemu alikuwa akiila bila kutumia mkono, anatema vifupa kimoja kimoja pembeni ya sahani, vimejipanga kama bao.

Mama mkwe akachukua vijiti vya kugawia, akauchagua mguu mkubwa, akauweka bakulini mwangu.

Lazima niwaambie nilikotoka. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Baba yangu hajawahi kula mbele ya bibi yangu mzaa mama, akimwona kwa mbali njiani anapinda kona. Miaka kumi na miwili ya Guangzhou haikunitoa aibu hiyo. Mwanamke huyu akinitazama, taya langu linasimama lenyewe. Na mguu wa kuku hauliki kwa adabu. Huwezi kuutafuna kwa heshima, lazima unyonye, utoe sauti, uteme.

Nikaula. Meza nzima ilikuwa inanitazama, naye zaidi ya wote. Nilipotema kifupa cha kwanza, akaniongezea wa pili.

Kuhusu kulipa nitasema kwa kifupi kwa sababu ni aibu. Nilikuwa nimeamua bili ni yangu. Akaunti yangu ya kulipia kwa simu ilikuwa imefungwa kwa kukaa miaka bila kutumika, kwa hiyo nilibeba noti. Nikaaga naenda chooni, hila ya marehemu hiyo, kila mara alikuwa akienda chooni vikapu vikikaribia kuisha. Kufika kaunta nikamkuta shemeji, naye kaaga anaenda kusikiliza simu. Tukaanza kusukumana viwiko pale, mimi na noti zangu, yeye na simu yake, mpaka yule dada wa kaunta akatuambia kwamba bibi wa meza ile aliacha pesa asubuhi, alipokuja kuchukua namba ya foleni. Alikuwa amekuja peke yake saa moja, akashika meza, akarudi nyumbani kutuchukua.

Tuliporudi mezani, alikuwa anafunga keki iliyobaki kwenye boksi. Akaniuliza, bila kuinua macho, tunakwenda Afrika lini. Zamani alikuwa akiuliza hivi kila mwaka, na neno lake lilikuwa "faan", mtarudi lini kwenu. Safari hii hakusema "faan". Alisema "heoi", kwenda. Nikamtazama mke wangu kuona kama amesikia. Alikuwa amesikia.

Nikajibu, mwisho wa Agosti.

Mwanangu akanivuta shati. "Bibi anasemaje?"

"Anauliza tunakwenda lini."

"Tunakwenda wapi?"

"Tanga."

Akafikiri, mdomo umejaa keki. "Si tunarudi?"