Kuondoka Tianjin baada ya kufundisha: pesa kwanza, laini ya simu mwisho

Ushauri niliopewa na karibu kila mgeni pale Tianjin ulikuwa ule ule: "Akaunti iache tu, hela utatoa ukifika kwenu." Huo ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuondoka. Kadi ya UnionPay, mtandao wa kadi za benki za Uchina, inakubali kwenye baadhi ya ATM za Dar na Nairobi, ni kweli, na kikomo cha kutoa pesa taslimu nje ya Uchina ni yuan 100,000 kwa mwaka, ambacho walimu wengi hawakifiki. Kasheshe ni pasipoti. Ile iliyosajiliwa benki ikiisha muda, akaunti inazuiwa, na kuifungua mara nyingi wanataka ufike kaunta mwenyewe na pasipoti mpya. Piga hesabu ya nauli.

Kwa hiyo tuma pesa zote wakati kibali cha ukaazi bado kiko hai. Mgeni anaruhusiwa kununua dola kwa mshahara uliokwisha katwa kodi. Peleka pasipoti, mkataba wa kazi na rekodi ya malipo ya kodi, ambayo unaipakua mwenyewe kwenye programu ya kodi iliyo kwenye simu yako. Benki inajumlisha mshahara, inaondoa kodi, inaondoa ulichokwisha tuma, na kinachobaki ndicho unachoweza kutuma. Ada ilikuwa yuan mia na ushee, sikumbuki vizuri. Bila nyaraka hizo utabadilishiwa hadi dola 500 kwa siku, basi.

Sasa majina. Sisi wa Afrika Mashariki tuna majina matatu, na kila ofisi ya Uchina huyapanga inavyotaka. Kwenye kodi, jina la ukoo lilitangulia na yote matatu yakaunganishwa bila nafasi. Kwenye mkataba yalikuwa mawili. Benki, mfumo ulikata herufi za mwisho. Binti wa kaunta alizipanga karatasi tatu kwenye meza, akapitisha kalamu herufi kwa herufi, akamwita msimamizi, msimamizi akapiga simu ngazi ya juu. Jibu likarudi kwamba kwa mujibu wa karatasi hizi, hawa ni watu watatu. Nikaleta barua ya idara yetu yenye muhuri. Ikakataliwa vilevile, maana muhuri wa idara hauna uzito huko. Kinachokubalika ni muhuri mwekundu wa duara wa chuo chenyewe, juu ya barua inayotaja majina yote yalivyoandikwa kila mahali, namba ya pasipoti, na sentensi moja kwamba mwenye majina hayo yote ni mtu mmoja. Chapisha nakala tano au sita zigongwe muhuri siku hiyo hiyo, kwani utazihitaji pia ofisi ya kodi, hifadhi ya jamii na hata duka la simu. Na kama ulibadilisha pasipoti katikati ya mkataba, iandike na namba ya zamani, kwa sababu rekodi za kodi huwa zimegawanyika mara mbili.

Hifadhi ya jamii wengi huisahau. Tazama karatasi ya mshahara. Kama unakatwa asilimia 8 ya pensheni, fedha hiyo iko kwenye akaunti yako binafsi na unaweza kuiomba kwa mkupuo unapoondoka nchini moja kwa moja. Hulipwa kwenye akaunti ya benki ya huko huko, baadaye. Hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kuacha akaunti wazi.

Chuoni dai karatasi mbili: barua ya kumaliza kazi na cheti cha kufutwa kwa kibali cha kazi. Mwajiri ana siku 10 za kazi kuomba kifutwe. Bila hizo, chuo kingine cha Uchina hakiwezi kukuajiri. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai kichukue ukiwa hapo hapo. Kukifuatilia kutoka Mwanza ni adhabu.

Kuagana kupange mapema, maana wanafunzi wa mwaka wa nne huwa wametawanyika kwenye mafunzo kazini na hurudi kwa ajili ya utetezi wa tasnifu na picha ya mahafali. Waage siku hizo hizo. Karamu niliipeleka mgahawa wa Waislamu wa Kihui, ambao Tianjin wapo tele, na suala la nguruwe likaisha kabla halijaanza. Suala la pombe kali linataka akili. Kama hunywi, sema kwenye mzunguko wa kwanza na inua chai. Ukimkubalia mkuu wa idara kikombe kimoja, huna tena namna ya kumkatalia wa pili. Unapogonganisha, kikombe chako kiwe chini kidogo ya cha mkubwa wako. Aliyealika ndiye anayelipa, na wanafunzi watakimbilia kaunta kukuwahi, kwa hiyo lipa ukijifanya unakwenda msalani.

Zawadi toa na pokea kwa mikono miwili, na usiifungue mbele ya mtu. Saa ya ukutani usimpe yeyote, ni nuksi. Kanuni za mwaka 2014 zinakataza walimu kupokea zawadi za thamani kutoka kwa wanafunzi. Kadi walizoandika kwa mkono, "Shikamoo Mwalimu" ikiwa na herufi zilizopinda, hazina tatizo.

Mizigo: wakala wa Guangzhou hutoza meli kwa ujazo na ndege kwa kilo. Vitabu vipande meli, nguo zipande ndege.

Laini ya simu iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa benki, kodi na WeChat (programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe) zote hutuma namba za uthibitisho huko. Hamisha WeChat kwenda namba ya nyumbani wakati laini zote mbili ziko hewani, kisha hamishia mazungumzo kwenye kompyuta. Yanakaa ndani ya simu tu. Simu ikipotea, kundi lote la darasa limeondoka nayo.

Na kama unapitia Guangzhou kwa ndege ya ndani, kagua betri yako ya akiba. Tangu tarehe 28 Juni 2025, isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya Uchina, haipandi, hata kama umeinunua Tianjin.