Mjomba na Nauli ya Mbunge Lincoln

Kiangazi kile Mjomba alipokuja kututembelea St. Louis, kila mtu alishauri tumpandishe lile tao refu la chuma. Hakutaka. "Nipeleke kwa Lincoln," akasema. Basi tukashika njia ya Springfield, Illinois, alikoishi Abraham Lincoln kabla ya kuwa rais wa Marekani, mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Mjomba aliwahi kuwa diwani, Tanga, muhula mmoja tu, kisha kura za maoni za chama zikamkata. Kwa hiyo tulipoingia katika ile nyumba ya mbao, kona ya Mtaa wa Nane na Jackson, hakuuliza habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe wala za risasi iliyomuua Lincoln. Alitaka miaka miwili tu: 1847 hadi 1849, Lincoln alipokuwa mbunge.

"Muulize huyo binti, nani alimwangusha?"

Nikamtafsiria dada wa hifadhi aliyekuwa akitutembeza. Hakuna aliyemwangusha, akajibu. Wanasiasa wa chama cha Whig eneo lile walikuwa wakipokezana kiti: John Hardin, Edward Baker, kisha Lincoln. Baada yake akasimama Stephen Logan, aliyewahi kuwa mwenzake katika kazi ya uwakili, akashindwa kwa kura 106.

"Ehee! Hao wa zamu ndio wanaopoteza viti," Mjomba akasema, kwa sauti iliyowafanya wageni wengine wageuke.

Kilichomsisimua zaidi ni habari ya Desemba 1847. Rais Polk alidai Meksiko imemwaga damu ya Wamarekani katika ardhi ya Marekani, na vita vikapiganwa kwa hoja hiyo. Lincoln, hata mwezi hajamaliza bungeni, akawasilisha maazimio kumtaka Rais aonyeshe mahali penyewe damu ilipomwagika. Polk hakujibu. Huko nyumbani Illinois magazeti ya wapinzani yakamgeuza kichekesho.

"Wiki ya tatu, anamhoji Rais!" Mjomba alikuwa ameshika ile reli ya ngazi, ambayo ni ya tangu enzi za mwenyewe na wageni wanaruhusiwa kuigusa, na hakuiachia mpaka nilipomaliza kutafsiri. Watu nyuma yetu walikuwa wanasubiri kupanda.

Ya posho nilimsimulia mimi, garini, maana nilijua atayapenda. Mbunge wa wakati ule alilipwa dola 8 kwa siku, na nauli kwa maili. Mwaka 1848 Horace Greeley, mwenye gazeti la New York Tribune, akachapisha orodha ya wabunge na nauli walizojizidishia akilinganisha na njia fupi ya posta. Lincoln alikuwamo: dola 676 na senti 80 za ziada.

Nilidhani atacheka. Akakunja uso.

"Sheria ilisemaje?"

"Njia ambayo watu huipita kwa kawaida."

"Sasa? Ana mke, ana watoto wawili wadogo, apite njia ya barua?" Akavuta mkanda wa kiti, akageuka kunitazama vizuri. "Huyo Greeley naye alikuwa mbunge?"

"Kwa miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu!" akasema, na hapo ndipo alipocheka.